Kustaafu kwa Diwani, Mbwa wa Mama Sekela

Kuna nchi moja ambayo jina lake nalihifadhi, kwa sababu yenyewe haipendi kutajwa bila kibali, na mwenye kutoa kibali yuko safarini. Ni nchi nzuri. Mvua hunyesha kwa wakati, isipokuwa inapochelewa, na wananchi wake wana furaha, kama ilivyotangazwa.

Mwaka ninaousimulia, Kiongozi Mpendwa wa nchi hiyo alirudi kutoka ziara ya kikazi ya siku arobaini na tatu ng'ambo. Ziara ilifana sana. Kwa bahati njema mikutano yake yote ilifanyika katika hospitali moja, ghorofa ya sita, hivyo msafara haukupoteza muda barabarani. Kutoka dirishani Kiongozi aliona bustani, na kila Jumamosi katika bustani ile aliona baba, mama na watoto wameketi kwenye nyasi, wanakula, wanacheka, na katikati yao kuna mbwa. Hakuna aliyekuwa akiwahutubia. Jambo hilo lilimgusa mno. Aliposhuka uwanja wa ndege alisema sentensi moja tu, "Na sisi tupumzike kama wale," kisha akaingizwa garini.

Ilitosha. Wiki hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Mapumziko na Furaha za Kifamilia, ikapewa jengo, waziri, manaibu wawili na magari kumi na manane. Waraka wake wa kwanza ulisema kwamba kila Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, familia zote za watumishi wa umma zitapumzika. Mahudhurio yatachukuliwa. Asiyepumzika atatoa maelezo kwa maandishi. Na kifungu cha tisa kikasema: kila kata ilete angalau familia moja yenye mbwa wa kupendwa.

Kifungu cha tisa ndicho kilichomfikisha Bwana Kasiga, afisa mtendaji wa kata, mlangoni kwa Mama Sekela.

Mama Sekela, jina lake mwenyewe Tusekile, alikuwa karani wa masijala katika Idara ya Wastaafu, yaani kile chumba kinachopokea barua zote, kuzipa namba na kuzitafutia faili. Alikuwa amekaa humo miaka kumi na minne. Alikuwa mwanamke mpole, wa maneno machache, mwenye tabia ya kusoma kila karatasi mpaka mwisho, hata yale maandishi madogo ya chini, tabia ambayo wakubwa wake waliiona kama maradhi. Mumewe, Lwitiko, alifundisha jiografia shule ya msingi, na alikuwa mtu apendaye kuonwa. Binti yao Sekela alikuwa na miaka tisa. Mbwa wao aliitwa Diwani.

Jina hilo alipewa na mtaa. Alipokuwa mdogo alikuwa na mazoea ya kuzuru kila nyumba wakati wa chakula, akaangalia hali, akala, akaondoka bila kufanya lolote. Sasa alikuwa na miaka kumi na moja. Mdomo ulikuwa umeota mvi, sikio moja limekunjika, na miguu ya nyuma ilikuwa inamsumbua. Alilala ndani, kwenye mkeka miguuni pa kitanda cha Sekela. Katika kata ile mbwa wengine wote walikuwa wa mnyororo na wa kubwekea geti, kwa hiyo mbwa wa Mama Sekela alikuwa kioja, na miezi mitatu tu nyuma Bwana Kasiga huyuhuyu alikuwa ameleta notisi ya kutaka atolewe nyumbani kwa sababu za usafi.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mtendaji. Shikamoo."

"Marahaba, Mama Sekela. Hamjambo? Mbwa naye hajambo?"

Tusekile alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtumishi wa serikali kumjulia hali mbwa wao.

"Hajambo. Tulikuwa tunajiandaa kujibu ile notisi yako."

"Notisi gani?" Bwana Kasiga alicheka akajipigapiga paja. "Ile ilikuwa barua ya pongezi, mama. Ilichapwa vibaya. Sasa nisikilize. Kata nzima mbwa wa kupendwa ni huyu mmoja. Nimezunguka siku nne nikitafuta mwingine, nimeng'atwa mara mbili. Jumamosi mtakaa mstari wa mbele. Anaitwaje?"

"Diwani," alisema Sekela.

Bwana Kasiga aligeuka akaangalia mlangoni, akashusha sauti. "Mheshimiwa Diwani wetu naye atakuwa mstari wa mbele. Ukisema, 'Diwani, toa mdomo kwenye sahani ya watu,' mimi nitajieleza vipi?" Akatoa kalamu. "Kuanzia sasa ataitwa Mshikamano."

"Lakini hatajua kama ni yeye anayeitwa," alisema Sekela.

"Atazoea, mwanangu," alisema Bwana Kasiga. "Sisi sote tulizoea."

*

Viwanja vya Taifa vilikuwa vimependeza. Nyasi mpya zilikuwa zimepandwa Alhamisi, na kwa kuwa zilikuwa bado changa, zilizungushiwa kamba na kibao cha *Usikanyage*. Familia zikapumzikia kwenye lami ya maegesho ya magari, zikizitazama nyasi kwa mbali. Mikeka iligawiwa kwa ngazi za mishahara. Wakurugenzi walipata magodoro, maafisa wakapata mikeka miwili miwili, makarani mkeka mmoja, na wahudumu wakaonyeshwa mahali mkeka ungewekwa kama ungekuwepo.

"Akina baba, nyoosheni miguu!" ilisema sauti kwenye spika. "Akina mama, tabasamuni! Watoto, rukeni rukeni kidogo! Saa nne na nusu ni kicheko!"

Saa nne na nusu filimbi ikapigwa, watu elfu tatu wakacheka. Taarifa ya baadaye ilieleza kwamba kicheko kilidumu dakika moja na sekunde arobaini, pungufu ya lengo kwa sekunde ishirini, na kwamba hatua zinachukuliwa.

Kisha akasimama Waziri. "Ndugu wananchi," alisema, "mapumziko si kupumzika tu. Mapumziko ni mchakato. Huko tulikotoka watu walipumzika kiholela, kila mtu kwa wakati wake, nyumbani kwake, bila mpango, bila usimamizi, bila takwimu! Mtu akichoka, analala! Je, taifa linaweza kwenda hivyo?"

Hotuba ilichukua saa mbili. Dakika ya arobaini Diwani alijinyoosha kwenye lami, akalala ubavu, akaanza kukoroma. Lwitiko, aliyekuwa amevaa suti nyeupe ya harusi yake, alimsukuma kwa ncha ya kiatu. Diwani alihema, akaendelea. Jukwaani, chini ya mwavuli mkubwa, Kiongozi naye alikuwa amefumba macho ili atafakari vizuri, na kidevu kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye nishani.

Mkoromo mmoja wa Diwani ulikuwa mkubwa kuliko mingine. Kiongozi akashtuka, akafumbua macho, akaangaza, akamwona. Akacheka. Kilikuwa kicheko kisichokuwamo kwenye ratiba, na watu hawakujua kama wanaruhusiwa kujiunga nacho. Akateremka ngazi akishikwa huku na huku, akaja mpaka kwenye mkeka.

"Anaitwa nani?"

Lwitiko alikuwa ameandaa maneno ya shukrani ya kurasa mbili. Yote yalimtoka kichwani. "Mshikamano, Mheshimiwa."

"Kumbe Mshikamano amelala," alisema Kiongozi.

Waziri alimwangalia Katibu Mkuu, Katibu Mkuu akaangalia juu. Halafu mtu mmoja mwenye akili akapiga makofi, na uwanja mzima ukamfuata. Kesho yake gazeti liliandika kwa herufi kubwa: MSHIKAMANO WALALA SALAMA, ASEMA KIONGOZI.

Lakini Tusekile aliona jambo ambalo halikuandikwa. Mzee yule aliinama akamshika mbwa sikio lililokunjika, akabaki ameinama vile, kama mtu asiyetaka kurudi alikotoka. Wasaidizi wake wawili walimwinua taratibu, wakampeleka kwenye kiti.

*

Kuanzia siku hiyo familia ya Mama Sekela haikuwa na Jumamosi. Mshikamano alitakiwa kila palipokuwa na sherehe ya hadharani. Walikwenda ufunguzi wa choo cha soko. Walikwenda maonyesho ya mifugo, ambako mbuzi mia mbili walimwona Diwani wakakata kamba, na mshindi wa kwanza akapatikana kilomita tisa kutoka uwanjani. Walikwenda siku ya kupanda miti, ambako Diwani alinusa mche wa Waziri, akainua mguu. Mtangazaji, kijasho kikimtoka, akaeleza kwamba huo ni umwagiliaji wa mfano. Walikwenda sherehe ya kuzaliwa kwa Kiongozi, palipokuwa na keki yenye mishumaa sabini na saba, na bendi nzima ya matarumbeta ikaitwa kusaidia kuizima.

Lwitiko alinawiri. Watu walimsalimia njiani. Alijifunza kupunga mkono mbele ya kioo, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto ili wa kulia upumzike. Suti nyeupe ilifuliwa kila Ijumaa.

Sekela ndiye aliyeuliza, siku moja wakiwa garini kurudi nyumbani, wamebanana na bendera. "Mama, lini tutapumzika kwa kupumzika?"

"Siku za kazi, mwanangu."

Diwani hakuweza tena kupanda gari mwenyewe. Alishikwa kiuno, akainuliwa kama gunia. Jioni moja, baada ya saa saba za jua kwenye uzinduzi wa mnara wa saa, walifika nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye mkeka wake, akaweka kidevu chini, hata maji hakunywa.

"Baba Sekela," alisema Tusekile, "mbwa amechoka."

"Sote tumechoka, Mama Sekela. Ndiyo mapumziko yenyewe."

Halafu ikaja barua. Kamati ya Tathmini ya Sura ilikuwa imepitia picha zote na kubaini upungufu. Baba alipunga mkono kupita kiasi. Mtoto hakurukaruka. Mama alionekana katika kila picha kama mtu anayesoma kitu. Wizara iliwashukuru kwa mchango wao na kuwaarifu kwamba nafasi yao itachukuliwa na Familia ya Mfano kutoka Idara ya Maigizo: baba mrefu, mama mwenye meno, na mapacha. Mbwa atabaki. Mbwa alikuwa hana kasoro.

Gari lilikuja Jumatano jioni. Sekela alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, na wanaume wawili walilazimika kumfungua kidole kimoja kimoja, kwa adabu, wakimwambia kwamba ni kwa faida ya taifa. Hakupiga kelele. Alilia bila sauti, mdomo wazi, na hilo ndilo Tusekile hakuweza kulitazama. Diwani alitia kichwa dirishani, akawaangalia mpaka gari lilipokata kona.

Uani Lwitiko alikuwa amesimama na suti yake nyeupe. Alikuwa amesikia gari la wizara linakuja, akakimbilia kuvaa, akidhani wamebadili uamuzi na wamekuja kumchukua na yeye. Alivua koti, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya pipa la taka.

"Nimekosa, Mama Sekela," alisema.

"Chukua koti lako, litachafuka," alijibu Tusekile. Kisha akaenda kumtafuta mtoto.

*

Kituo cha Taifa cha Mapumziko, alikopelekwa Diwani, kilikuwa na ukuta, geti na walinzi sita. Tusekile aliomba ruhusa kazini, akajaza fomu mbili za kumwona mbwa, na fomu moja ya kueleza kwa nini amejaza zile mbili. Mkurugenzi, Daktari Lupogo, alimpokea kwa furaha. Hakuwa amepata mgeni tangu kituo kifunguliwe.

Diwani alikuwa kwenye chumba cha vigae, chini ya picha ya Kiongozi, amefungwa utepe mwekundu shingoni. Feni ilimpuliza. Bakuli lake la fedha lilikuwa limejaa nyama, na inzi walikuwa wanaitembelea. Alipomwona Tusekile hakuinuka. Mkia tu ndio uliopiga kigae mara tatu, halafu ukatulia.

"Hali chakula," alisema Tusekile.

"Amegoma, siku ya pili leo. Tumemwandikia onyo."

"Mbwa mmemwandikia onyo, Daktari?"

"La kwanza. Bado mawili." Daktari Lupogo alikaa vizuri. "Mama, usimwone hivi. Huyu ni mtumishi wa umma kamili. Nyama yake tungeiombaje serikalini kama hajaajiriwa? Ana cheo, ana namba ya ajira, ana faili. Tena faili zuri."

Tusekile aliweka mkono juu ya kichwa cha Diwani. Palikuwa na joto. "Naomba niruhusiwe kuliona. Ni mazoea tu. Mimi ni mtu wa masijala."

Hakuna mkurugenzi anayekataa kusifiwa faili lake. Tusekile alisoma taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, huku Daktari akimwonyesha jinsi pembe zilivyonyooka. Ukurasa wa nne ulikuwa taarifa ya daktari wa mifugo, yenye sahihi na muhuri wa Waziri. *Umri: miaka kumi na moja. Sawa na miaka ya binadamu: sabini na saba.*

Alifunga faili.

"Daktari, hivi mtumishi wa umma anastaafu akiwa na miaka mingapi siku hizi?"

"Sitini, kwa lazima! Hilo halina mjadala kwa mtu yeyote."

"Ahsante sana," alisema Tusekile.

*

Ijumaa asubuhi alichukua fomu ya maombi ya kustaafu, akaijaza kwa mwandiko wake mzuri wa masijala, kwa niaba ya mtumishi asiyejua kuandika, jambo ambalo sheria inaliruhusu. Alisema ukweli mtupu. *Umri: sabini na saba. Hali ya mwombaji: anasinzia katika hadhara. Hawezi kupanda gari bila kushikwa. Hana hamu ya shughuli. Sababu ya kuomba: amechoka, anataka kukaa nyumbani.* Akaipa namba, akaipeleka mbele.

Mama wa meza ya pili aliisoma, akakaa chini. Kisha akainuka akaipeleka ghorofa ya kwanza akiwa ameishika kwa ncha za vidole. Kabla ya saa sita mchana kikao cha dharura cha watu tisa kilikuwa kimeketi, na Tusekile akaitwa.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Mapumziko, mtu mnene mwenye sauti ndogo. "Mama, hii ni nini?"

"Ni ombi la kustaafu, Mheshimiwa."

"La nani?"

"La mbwa. Nisome?"

"Usisome!" walisema watu tisa kwa pamoja.

Katibu Mkuu alijifuta paji la uso. "Yaani unataka sisi, kikao hiki, tuandike na kutia sahihi kwamba mwenye miaka sabini na saba, anayesinzia hadharani, amechoka na aende nyumbani?"

"Hapana, Mheshimiwa. Kama mnaona hajachoka, kataeni. Nafasi ipo hapo chini: *Ombi limekataliwa kwa sababu.* Mtaandika sababu tu."

Wajumbe wakaitazama nafasi ile. Ilikuwa mistari mitatu.

"Tuandike kwamba sabini na saba bado ni nguvu kamili," alipendekeza mmoja.

"Watauliza kwa nini tumelitaja hilo," alisema mwingine. "Itaonekana tunamlinganisha."

"Tunamlinganisha nani na nani? Mimi sijamlinganisha mtu!"

"Na mimi sikusema mtu. Nimesema mbwa."

"Mbwa yupi?"

Feni ilizunguka. Watu tisa waliangalia meza, kila mmoja sehemu yake.

"Tupunguze umri," alinong'ona mjumbe wa tatu. "Tuseme ana miaka mitano."

"Umeshagongwa muhuri wa Waziri," alisema Katibu Mkuu kwa uchungu. "Tukisema si kweli, Waziri atakuwa amesema uongo. Tukisema ni kweli..." Hakumaliza. "Mama, toka kidogo nje."

Tusekile alikaa kwenye benchi kwa saa tatu na nusu. Chai iliingizwa mara nne. Mara moja alisikia mtu analia, na mara moja wimbo wa taifa. Sasa, akiwa amekaa bila karatasi mkononi, alianza kuelewa alichokifanya. Alimfikiria Sekela, ambaye hakuwa amezungumza tangu Jumatano. Akabaki palepale.

Uamuzi ulipotoka ulikuwa mfupi. Baada ya uchunguzi wa kina, kikao kilijiridhisha kwamba hakuna mbwa, na hajawahi kuwepo. Faili halikufunguliwa. Kitu cha kahawia kinachoonekana miguuni pa Kiongozi katika picha za magazeti ni zulia.

Kesho yake Jumamosi asubuhi Bwana Kasiga alisimama mlangoni, amebeba kitu kwenye blanketi. Pua nyeusi ilikuwa imetokeza.

"Mama Sekela, nimetumwa kuleta kitu ambacho hakipo. Tafadhali saini hapa kwamba hujapokea."

"Nikisaini kwamba sijapokea, nanyi mtakuwa hamjaleta?"

"Kabisa. Na tafadhali nisaidie kushika huku nyuma, mgongo wangu unakatika."

Tusekile alisoma karatasi, akasaini. Sekela alikuwa amekwishatoka ndani anakimbia. Alipiga magoti pale kizingitini akaita, "Diwani! Diwani!" na mbwa alijivuta kutoka kwenye blanketi, akamlamba uso mzima, macho, masikio na machozi, akijikojolea kidogo kwa furaha kwenye viatu vya Mtendaji.

"Hakijanikojolea kitu," alisema Bwana Kasiga, akaenda zake.

*

Ikawa kwamba familia isiyo na mbwa wa kupendwa, tena iliyokwisha kuondolewa kwenye orodha ya Familia ya Mfano, ilikuwa haimo katika daftari lolote la mahudhurio, maana kwenye lile la makarani jina lao lilifutwa walipopandishwa mstari wa mbele. Hakuna aliyewatafuta. Jumamosi iliyofuata waliamka saa tatu, wakafunga maandazi na chupa ya chai, wakaenda uwanja wa shule kutazama mechi ya walimu wastaafu na wauza nyama. Lwitiko aliwaongezea wastaafu nguvu, akicheza beki. Alivaa bukta iliyotoboka, akapigwa chenga mpaka akakaa chini, na hakuna aliyempiga picha. Alikuwa anacheka. Diwani alikuwa amelala kwenye nyasi, kichwa juu ya paja la Sekela, akitafuna andazi bila haraka.

Kipindi cha pili kilipoanza, mzee mmoja mwenye kofia ya kapelo alikuja akaketi karibu yao kwa shida, kwanza mkono, halafu goti. Mkononi alikuwa na karanga za kuchemsha kwenye karatasi.

"Huyu ndiye yule aliyelala siku ile?" aliuliza.

Bila nishani, na kofia imeshuka machoni, Tusekile asingeutambua uso wake. Wengine pale walimjua kwa picha ya ofisini tu, iliyopigwa miaka thelathini nyuma. Lakini Tusekile aliijua sauti ile, ilikuwa inaingia nyumbani kwake kila asubuhi kupitia redioni. Akaanza kuinuka.

"Ndiye, Mhe..."

"Usiniite hivyo, mwanangu, watasikia. Nimewatoroka. Wanafungua daraja. Wamemvalisha mtu mwingine nishani zangu wakamweka kwenye kiti. Kwa kuwa analala, hakuna atakayejua." Akampa Sekela karanga. "Mjukuu wangu, chukua. Nimeambiwa mbwa huyu hayupo. Nikasema, mbona nilimshika sikio? Ilikuwaje wakamwachia?"

"Alistaafu," alisema Sekela.

"Alistaafu!" Mzee alimtazama mbwa kwa muda mrefu. "Nani alitia sahihi?"

"Hakuna," alisema Tusekile. "Waliogopa kusaini. Wakasema hayupo."

Wauza nyama walifunga bao. Mzee alipiga makofi pamoja na watu wengine, nje ya utaratibu wowote.

"Mimi niliandika barua mara mbili," alisema. "Sikujibiwa."

"Uliziandika kwenda wapi, baba?"

"Kwa wanaohusika na kustaafu. Si ndiyo utaratibu?"

"Ndiyo utaratibu," alisema Tusekile.

Mzee hakumwomba kitu. Alimkuna Diwani tumbo mpaka yalipokuja magari manne meusi, yakakata katikati ya uwanja, mechi ikasimama. Wanaume wenye miwani walimwinua mzee kwa heshima, wakamfuta nyasi, wakamkunja, wakamtia ndani. Refa akapiga filimbi, mechi ikaendelea.

Jumatatu Tusekile alifika kazini kabla ya wenzake. Kila masijala ina faili liitwalo *Mengineyo*, ambamo hutiwa kila kitu ambacho mtu hataki kukiona tena wala hathubutu kukichana. La kwao lilikuwa nene kama tofali. Barua alizikuta katikati, moja ya miaka saba iliyopita, moja ya mwaka jana, zimeandikwa kwa mkono. Ya pili mwandiko ulikuwa unatetemeka. *Nimechoka. Naomba nipewe ruhusa nikapumzike. Wenu mtiifu.* Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa penseli: *Isionekane.*

Alikaa nayo. Alifikiria mkate wa nyumbani, ajira ya mumewe, mtoto. Alifikiria kuirudisha mahali pake, na kweli aliirudisha, akafunga kabati, akachemsha maji ya chai. Chai ilipokuwa tayari hakuinywa. Akafungua kabati tena, akaitoa barua, akaipa namba, akagonga muhuri wa *Imepokelewa*, akaiandika kwenye daftari la barua zinazoingia, akaiweka kwenye trei ya kwenda juu. Maana barua ikishaingia daftarini haiwezi kuwa haipo, na katika jengo lile yeye tu ndiye aliyekuwa amesoma kanuni hiyo mpaka mwisho.

Mama wa meza ya pili aliisoma, akaomba ruhusa ya ugonjwa. Kabla ya kuondoka aliipeleka ghorofa ya kwanza, kwa kuwa hakutaka ibaki mezani kwake. Ghorofa ya kwanza mkuu wa kitengo alikumbuka ana msiba wa mjomba. Ghorofa ya pili wote walikwenda semina. Lakini kila mmoja, kabla ya kukimbia, aliisogeza mbele hatua moja ili isikutwe kwake, na hivyo barua ile ikawa inapanda kwa kasi ambayo hakuna barua ya nchi ile iliyowahi kuwa nayo.

Mpaka naweka kalamu chini, iko ghorofa ya tatu, kwenye meza isiyo na mtu, na jengo lina ghorofa tano.